Inchi Sita za Aibu

4 Februari

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti lako la kukanyagia cherehani limeacha kulalamika. Mimi sijambo, tatizo ni mgongo tu. Ningekupigia simu, lakini najua simu yako inaishi kwenye kopo la vifungo na hata ikilia huisikii. Basi naandika.

Nina shida, na shida yenyewe ni ya kushonwa. Unaijua kazi yangu ya hapa wodini: kuwageuza wagonjwa, kuwainua kitandani, kuwaweka kwenye kiti, kuwarudisha. Mwezi uliopita nilikuwa nimemshika bibi mmoja katikati ya kitanda na kiti, mgongo ukanikaza ghafla, nikabaki nimeganda naye mikononi. Bahati mwenzangu akawahi. Tangu siku hiyo matroni amenihamishia stoo ya mashuka. Kasema tarehe 14 Mei nitapimwa: nimwinue mtu mzima kutoka kitandani mpaka kwenye kiti mara sita, bila kujipinda. Nikishindwa, mkataba wangu hauongezwi. Na mimi stoo sitaki, Shangazi. Mashuka hayakusimulii chochote.

Mtaalamu wa viungo amenikagua akasema mgongo wenyewe hauna kosa. Misuli ya tumbo imelala, na mgongo unafanya kazi ya wawili. Kanipa mazoezi ya kuiamsha. Sasa mazoezi hayo siwezi kuyafanya bila kitu cha kunishika. Nataka kama kaptura inayopanda juu, kutoka chini ya kifua mpaka mapajani, ishike tumbo lisicheze, laini kabisa kwa ndani, na isinibane pumzi. Za dukani zote zinanichubua.

Vipimo: chini ya kifua inchi 34, tumboni 41, nyonga 42. Nimepungua kidogo. Nakuomba, shona kwa vipimo hivyohivyo.

Mwana wa kaka yako,
Bonge


19 Februari

Mwanangu Bonge,

Marahaba. Mimi sijambo, goti ni lilelile, limezoea kulalamika na mimi nimezoea kutolisikiliza. Pole kwa mgongo. Matroni mwambie shangazi yako anamsalimu na kwamba mtoto wangu si wa kuwekwa stoo pamoja na mashuka.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikicheka mpaka mteja aliyekuja kuchukua suruali yake akauliza kuna nini. Arobaini na moja! Hiyo ilikuwa namba yako ukiwa kidato cha pili.

Tuambiane ukweli kama watu wazima. Ulipoanza kazi uliniandikia kiuno 46. Nikashona sketi, ikagoma magotini. Binamu yako alipoolewa ukaandika 50, zipu ikapasuka kabla bibi harusi hajafika. Tangu hapo nina utaratibu wangu. Kila namba unayoniletea naiongezea inchi sita. Nimezipa jina, naziita inchi za aibu. Sikukuambia ili usione haya zaidi.

Safari hii hata hizo sita nimeona zitakuwa mzaha. Kwa hiyo nimefungua daftari langu kwenye ukurasa wako, nikakuta 58 niliyokupima kwa mkono wangu miaka mitatu iliyopita, nikaweka na zako sita juu. Kitambaa ni kizuri, kinavutika. Ndani nimeweka pamba. Kivae, fanya mazoezi yako, na mbele ya shangazi yako usijidanganye tena. Nakupenda ulivyo na ulivyokuwa.

Shangazi yako


3 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na kama umesimama, kaa kwanza.

Kaptura imefika. Nimeingia ndani yake. Kisha mwenzangu wa chumba, yule muuza dawa, naye akaingia. Tukafunga vishikizo vyote, tukatembea mpaka dirishani na kurudi, tukaanguka kitandani kwa kicheko. Halafu yeye akaenda kazini, na mimi nikakaa peke yangu na lile liguo miguuni, kicheko kikaisha. Niliona kwamba nimekutendea vibaya.

Kosa ni langu. Mara nne nimekuahidi kwamba nitapungua na mara nne nimekuangusha. Safari hii niliapa sitasema neno mpaka yaishe. Nilikuwa na kilo 131, Shangazi. Sasa nina 70. Imechukua miaka miwili na nusu, kwa chakula cha kupimwa na kutembea kwa miguu kwenda kazini na kurudi, daktari akinifuatilia kila mwezi. Nilitaka nije likizo nisimame mlangoni kwako, nione uso wako. Picha nimeiweka ndani ya bahasha. Naona haya kama msichana mdogo.

Kinachonisumbua sasa ni kwamba ngozi haikupata habari. Mwili umehama, ngozi imebaki palepale inangoja. Tumboni inaning'inia mkunjo mzima, wa kushika kwa mikono miwili. Nikijaribu mazoezi ya kuruka pamoja na wengine ukumbini, inapiga, na kila mtu anasikia. Nikilala ubavu, inajikusanya chini yangu na kunifinya. Kwenye mkunjo inasuguana mpaka inachubuka. Sakafuni siwezi kulala kwa sababu nimepata mifupa ambayo sikujua ninayo. Kuna mmoja chini kabisa ya uti wa mgongo, Shangazi, huo unanikumbuka siku nzima.

Kwa hiyo nafanya mazoezi chumbani juu ya godoro jembamba. Nalala chali, magoti nimeyakunja, natoa pumzi polepole huku navuta kitovu kuelekea mgongoni, halafu natelezesha kisigino kimoja mbele na kukirudisha. Ni kazi ya mtoto mchanga, lakini jasho linatoka. Nikipata nguo ya kuishika hii ngozi, nitaweza kuendelea mbele zaidi. Sasa unajua. Vipimo ni vilevile nilivyokuandikia, na safari hii ni vya kweli.

Mwana wa kaka yako,
Bonge (jina halijapungua hata gramu)


14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Salamu nyingine sina.

Nilifungua bahasha nikaona picha ya mwanamke, nikajua ni mwenzako wa chumba. Nikaangalia ndani nitafute yako. Nikaitikisa bahasha. Hakukuwa na nyingine. Nikairudia ile, nikaona kovu kwenye mkono wa kushoto, kovu la pasi yangu, siku ile ulipotaka kunisaidia ukiwa na miaka sita. Nikakaa chini. Sikukaa kwenye kiti, nilikaa chini, juu ya vipande vya vitambaa, na mteja amesimama.

Unaumwa nini?

Usiniambie mazoezi. Neno hilo la mazoezi nimelisikia zamani kwenye mdomo mwingine, likisemwa kwa kicheko hivyohivyo, na nikanyamaza. Sinyamazi mara ya pili. Kilo sitini na moja hazimtoki mtu mzima kwa kutembea. Niambie ugonjwa wenyewe kwa jina lake. Ukiniambia leo nitakuja kwa miguu yangu na goti langu.

Nguo sitashona. Nimewahi kumpunguzia mtu nguo mara moja katika maisha yangu, nikapunguza na kupunguza, na najua nilichokishona mwisho. Mkono wangu hautafanya hivyo tena. Duka nimelifunga siku mbili. Watu wanafikiri nimefiwa.

Shangazi yako


25 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Nasema tena: mimi ni mzima. Nimemwomba daktari aandike kwa mkono wake na kugonga muhuri, karatasi iko humu. Damu safi, moyo safi, presha imeshuka, sukari hakuna. Amecheka kidogo, kasema ni mara ya kwanza anaandika cheti cha kuthibitisha kwamba mtu hana ugonjwa.

Mimi sikucheka. Nimeumia. Miaka yote watu wameniangalia kwa sababu ya unene, nikasema siku nitakapopungua, mtu mmoja duniani atapiga vigelegele. Mtu huyo anafunga duka kama amefiwa. Na unaniandikia mafumbo. Ni nani uliyempunguzia nguo? Mdomo wa nani ulisema mazoezi? Kama ni jambo linalonihusu, nina haki ya kulijua.

Nguo kama hutashona, basi. Nimechana shuka kuukuu la stoo, matroni kaniruhusu, najifunga kuanzia chini ya kifua kwenda chini kabla ya mazoezi. Linateleza, linajikunja na kuwa kamba, linanichubua palepale pa zamani. Lakini sikuacha. Mtaalamu kaniongezea zoezi: nainama nikijiegemeza kwenye viwiko na magoti, mwili umenyooka kama ubao, na kukaa hivyo. Siku ya kwanza nilikaa sekunde nne. Sekunde nne, halafu nikalala kifudifudi kama mtu aliyepigwa.

Nimebakiza wiki saba.

Mwana wa kaka yako


10 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Hujajibu. Natumaini ni hasira tu na si goti wala homa.

Sina mengi. Nimefika sekunde kumi na tano. Kidonda cha kwenye mkunjo kimefunguka, siku tatu nimepumzika, nimekausha kwa kitambaa safi na kupaka mafuta mazito. Shuka limeshindwa kazi, sasa najaribu nikiwa nimesimama, viwiko ukutani. Ukutani siumii sana, lakini mtaalamu anasema ukuta peke yake hautanifikisha tarehe 14.

Bonge


16 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kwa ukimya. Barua hii nimeianza mara tano na mara tano nimeitia kwenye kapu la vipande. Cheti cha daktari nimekisoma, nikampelekea na mwalimu wa jirani anisomee, nikijua anajua zaidi. Naye kasema u mzima. Nimemsikia. Lakini tumbo langu halijasikia.

Mtu niliyempunguzia nguo ni baba yako.

Sisi wakubwa tulikuambia kwamba alianguka ghafla, siku moja, kazini, juu ya ngazi yake ya kupakia rangi. Haikuwa hivyo. Kaka yangu aliumwa miezi tisa. Ulikuwa shule ya bweni, una miaka kumi na moja, mama yako alishatangulia, na yeye akanishika mkono akasema asiambiwe mtoto, mtoto ana mtihani. Mimi nikakubali. Nikawa fundi wa ule uongo.

Unamkumbuka alivyokuwa. Alikuwa akisimama mlangoni, mlango hauonekani. Mashati yake sita nilikuwa nimeyashona mimi. Alipoanza kuisha, yakawa yanamning'inia, na wewe ulikuwa unakuja likizo. Akaniletea, akasema, "Dada, yapunguze, ila usikate. Kunja ndani. Nitanenepa tena." Nikakunja vidole vinne kila upande. Mwezi uliofuata nikakunja tena. Kufikia mwisho, shati lilikuwa na kitambaa kingi ndani kuliko nje.

Ulikuja mwezi wa nane ukamkuta amekaa kwenye kiti, shati limemkaa sawasawa. Ukamwambia, "Baba, umependeza." Halafu ukamuuliza mbona uso umekuwa mdogo. Akajipiga tumboni akakuambia anafanya mazoezi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako na pini mdomoni. Wiki tano baadaye nikamshonea nguo ya kuzikiwa, kwa vipimo vya mtoto wa shule.

Ndiyo maana ulipoandika 41 nikacheka, na ulipoleta picha nikakaa chini. Picha yako, mwanangu, ina mashavu yale ya mwezi wa nane.

Hasira zako zilete. Ni haki yako.

Shangazi yako


24 Aprili

Shangazi,

Shikamoo.

Miaka ishirini na tatu. Nimekaa stoo kati ya mashuka nikaisoma barua yako, nikatoka nje, nikarudi nikaisoma tena kwa sababu nilifikiri nimeisoma vibaya. Miaka ishirini na tatu nimekuwa nikimwona baba juu ya ngazi, ana brashi mkononi, halafu hayupo. Kila nikipita chini ya ngazi naangalia juu. Na kumbe hakuna ngazi.

Namkumbuka ile siku. Alijipiga tumbo, akacheka, akasema, "Bonge, nikifikia kilo zako nitaacha." Nikafurahi mpaka nikawasimulia wenzangu bwenini kwamba baba yangu anafanya mazoezi. Mungu wangu. Niliwasimulia bweni zima.

Nimekukasirikia. Nimekukasirikia siku nne nzima, sikufanya hata zoezi moja. Mliniibia kumuaga. Mwenzangu wa chumba aliogopa kuniongelesha. Siku ya tano nilipangiwa kupeleka mashuka wodini, nikamwona binti amekaa kando ya kitanda cha mama yake anamwekea mto vizuri ili wageni wanaokuja wasione kwamba hawezi kukaa mwenyewe. Nikakuona wewe pale, na pini mdomoni. Bado nimekasirika, lakini nimekasirika nikiwa nakupenda.

Sasa nisikilize. Baba namba zake zilikuwa zinashuka. Zangu angalia. Tarehe 4 Februari tumbo 41. Leo nimepimwa na mwenzangu wa chumba, nimesimama wima: 41. Kilo 70 wakati ule, 70 leo. Sipungui tena, Shangazi, nimefika. Kitu pekee kinachobadilika ni hiki: sekunde nne, kumi na tano, kumi na tisa, na jana ishirini na sita. Hakuna mtu anayekufa ambaye namba zake zinapanda hivyo.

Nimebakiza wiki tatu. Sikuombi nguo tena. Nataka tu ujue ninavyoendelea.

Mwana wa kaka yako,
Bonge


5 Mei (karatasi iliyobanwa kwa pini ndani ya kifurushi)

Mwanangu,

Nimemtuma dereva wa basi na kumwapisha, ili ikufikie mapema. Salamu tutapeana siku nyingine.

Chini ya kifua 34. Tumbo 41. Nyonga 42. Sikuongeza hata inchi moja. Mkasi niliushika asubuhi, nikakata mchana.

Nje ni kitambaa cha kuvutika. Vishikizo viko ubavuni, safu mbili, ukivimba siku zako ufungue ya pili. Mishono yote nimeigeuza nje ili pasiwe na uzi unaokugusa. Itaonekana mbaya, lakini hakuna anayekuja kuiangalia.

Ndani ni pamba ya mashati ya baba yako. Nilikuwa nayo kabatini, yote sita, na mikunjo yake vilevile, sikuwahi kuifumua. Alisema nisikate. Juzi nilikaa nikaifumua. Kitambaa cha nje kimepauka, lakini kile cha ndani ya mikunjo hakikuwahi kuona jua. Bluu yake ni bluu ya dukani. Nilishtuka nikakiweka chini. Na kimefuliwa miaka mingi, kimelainika kuliko kitu chochote ninachoweza kununua. Kidonda chako hakitalalamika.

Nilikuwa nimemwekea kwa siku atakayonenepa tena. Chukua wewe.

Shangazi yako


17 Mei

Shangazi wangu,

Shikamoo. Uko mzima? Goti je? Mimi ni mzima, na hili sasa unaliamini.

Nguo ilifika tarehe 7. Niliivaa, nikafunga safu ya kwanza, nikakaa kitandani nikaweka mikono tumboni. Haikucheza. Ngozi ilitulia mahali pake kama kitu kilichoambiwa ukweli. Nikashuka kwenye godoro, nikajiegemeza kwenye viwiko na magoti, nikaanza kuhesabu, nikafika thelathini na nane kabla sijakumbuka kuangalia saa. Haikunichubua. Haikunibana pumzi. Nililia nikiwa katika hali ya ubao, nakushauri usijaribu, machozi yanaingia puani.

Tarehe 14 alinijia mlinzi wa getini, kilo themanini na tano, kajilaza kitandani kama mgonjwa na viatu vyake. Matroni na daftari. Mtaalamu wa viungo mlangoni. Kitanda mpaka kiti, mara ya kwanza, ya pili. Ya nne mlinzi akaanza kunisifu, matroni akamwambia wagonjwa hawasifu. Ya sita nilimkalisha kwenye kiti taratibu kiasi kwamba alibaki anangoja kukaa. Mgongo haukusema neno. Matroni akafunga daftari akasema, "Jumatatu wodini." Basi. Hakuongeza kitu, na mimi sikuhitaji kuongezewa.

Sasa nikuambie lililotokea baada ya hapo, maana ndilo linalonifanya niandike. Matroni hakungoja Jumatatu. Jana kulikuwa na upungufu, wakaniita. Kitanda cha mwisho kuna mzee aliyelala miezi mingi. Nilijiandaa kama nilivyofundishwa, miguu nimeipanua, tumbo nimelikaza, na ile pamba ya bluu ikalishika. Nilipomweka kwenye kiti akaniuliza, "Nimekuchosha?" Nikamwambia hapana. Na hapo, katikati ya wodi, nikakufikiria wewe.

Hukuwa na mwenzako. Hukuwa na mtaalamu wa viungo. Hukuniambia mimi. Miezi ile ya mwisho lazima alikuwa hawezi kutoka kitandani mwenyewe mpaka kwenye kile kiti nilichomkuta amekaa. Shangazi, baba ulimwinuaje peke yako?

Likizo yangu ni mwisho wa Juni. Nitakuja nikusikilize, kama hutaki kuandika.

Mwana wa kaka yako,
Bonge


28 Mei

Mwanangu Bonge,

Marahaba, marahaba tena. Mimi sijambo. Barua ya mtihani nimemsomea kila mteja, hata yule aliyekuja kuulizia njia tu. Mlinzi wa getini mpe pole kwa kunyamazishwa. Daftari nimelifungua, 58 nimeipiga mstari, nimeandika 41 kwa wino. Zile inchi sita nimezifuta kabisa.

Umeniuliza nilimwinuaje.

Siku ya kwanza ilikuwa asubuhi, wewe ulikuwa unafika na gari la saa nne. Alitaka akae kwenye kiti ukimkuta. Nilijiandaa, kwa sababu namjua kaka yangu, mtu wa kujaza mlango. Nilivua viatu. Nikapanua miguu kama wewe unavyosema, ingawa mimi hakuna aliyenifundisha. Nikavuta pumzi, nikakaza tumbo kama anayebeba gunia, nikamzungushia mikono, nikanyanyua kwa nguvu zangu zote.

Nusura nimrushe dirishani.

Alikuwa mwepesi, mwanangu. Nilikuwa nimemshonea miezi yote ile, nimekunja na kukunja, namba nilikuwa nazo kwenye daftari langu mwenyewe, na bado mikono yangu haikuwa imejua. Yeye alicheka. Akasema, "Polepole, dada, mimi si godoro." Nikamkalisha, nikamvalisha shati, nikamfunga vifungo, halafu nikaenda jikoni nikasimama nimeshika ukuta mpaka niliposikia unapiga hodi. Mshtuko ule haujanitoka mpaka leo. Ndio ulionirudia nilipoiona picha yako.

Kwa hiyo nina ombi moja. Ukija mwisho wa Juni, ukishafika mlangoni, usiniamkie kwanza, usiweke mizigo chini. Niache nikuzungushie mikono nijaribu kukuinua.

Nataka nishindwe.

Shangazi yako